Rivolva Aliyochaguliwa Dokta

Rivolva ya Dokta Tollefsen ililala juu ya karatasi ya kahawia, silinda yake imefunguliwa. Risasi zake zilikuwa zimesimamishwa kando, vitako juu. Mpelelezi Roberta Skaar alizipitia moja moja kwa kioo cha kukuzia. Zote zilikuwa nzima, hakuna iliyolipuka. Lakini mbili kati yake zilikuwa na alama katikati ya fataki, kile kitufe cha kitakoni kinachogongwa na nyundo ili risasi ilipuke: kidoti kidogo kilichobonyea kidogo tu, kama alama ya ukucha kwenye sabuni.

Alimwita Sherifu Amundson aje atazame. Sherifu alikuja na kikombe chake cha kahawa, akainama, akaguna.

Mpaka asubuhi hiyo, watu wote wa Kaunti ya Sorrel walikuwa wakisimulia jambo hili kwa namna moja. Maren Tollefsen, daktari wa mifugo, alikuwa akifunga kliniki yake nje ya mji wa Harlow Bend pale mtu aliyejifunika uso alipomvamia uani kwa nondo. Alimvunja mkono na mfupa wa bega, akatokomea kwenye misonobari. Dokta alikuwa na rivolva kubwa ya kaliba arobaini na nne kiunoni, silaha ya kumwangusha dubu, na hakupata kuitumia. Iliokotwa chini ya gari lake. Aliganda, watu walisema. Mwanamke wa watu aliganda.

"Hakuganda," Skaar alisema. "Alifyatua mara mbili. Silaha ndiyo iliyogoma."

Sherifu alisema basi ni risasi mbovu, siku hizi hata viwanda vinalipua kazi. Kwake kesi ilikuwa imekwisha. Mahabusu alikuwamo Lyle Pruett, mfugaji ambaye fahali wake alikufa mikononi mwa Dokta mwezi uliopita, na ambaye alisimama katikati ya baa, mbele ya kila mtu, akaapa kwamba yule mwanamke atajuta kuzaliwa. Tangu hapo Dokta alikuwa akipigiwa simu na mtu asiyesema neno, anapumua tu. Jioni ya tukio Lyle alidai alikuwa mlimani peke yake akiwinda kulungu wa milimani. Shahidi wake ni farasi.

"Na farasi haapishwi," alisema Sherifu.

Skaar hakubishana. Alichukua kasha la risasi lililokutwa kwenye gari la Dokta, akaenda nyuma ya kituo kwenye kilima cha mchanga, akaazima rivolva ya naibu mmoja yenye kaliba ileile. Risasi kadhaa za kasha lile alizozijaribu zililipuka zote. Kisha akazitia zilizobaki kwenye rivolva ya Dokta. Kila alipofyatua ilimpiga teke mkono mpaka kwenye kiwiko, lakini si hilo lililomshangaza. Baadhi zililipuka. Nyingine nyundo iliangukia fataki, ikasema ta, basi.

Alirudi ndani, akafungua mpini. Mbele yake hukaa skrubu ndogo inayoikaza springi ya nyundo; ikifupishwa, nyundo hugonga kinyonge. Aliitoa, akaiweka chini ya taa. Ncha yake ilikuwa fupi na inang'aa, na juu yake mistari ya tupa ilionekana wazi.

Sherifu aliitazama kwa muda. Safari hii hakuguna. Alimwambia Skaar kwamba ana hadi kesho mchana. Kesho mchana mwendesha mashtaka angesaini hati, na Lyle Pruett angepelekwa mjini kwa jaribio la kuua.

*

Duka la silaha la Verna Fenske lilikuwa kati ya duka la vyakula vya mifugo na mgahawa. Msimu wa kuwinda ulikuwa umeanza na wanaume walikuwa mlimani, kwa hiyo Verna alikuwa peke yake, anakula supu ya maharage na pilipili nyuma ya kaunta, miwani imening'inia kifuani. Skaar aliiweka rivolva mbele yake. Verna aliitambua kabla ya kuvaa miwani.

"Bobbie, hii nilikataa kuiuza mara mbili," alisema, akimwita Skaar kwa jina lake la utani.

Alieleza bila kuulizwa sana. Dokta alikuja mara ya kwanza peke yake, amechoka macho, akasema anataka kitu cha kubeba kila siku. Anaendesha gari peke yake kwenye barabara zisizo na mtu, anaingia kwenye mazizi ya watu asiowajua, na sasa kuna mtu anayempigia simu. Verna alimpima mkono. Ulikuwa mdogo, vidole vifupi vyenye nguvu, mkono wa kuzalisha ng'ombe. Akampa rivolva ya chuma kizito ya kaliba ndogo, yenye mpini mwembamba. Dokta aliijaribu kwenye kibanda cha shabaha nyuma ya duka, akapiga kundi la matundu ambalo ungeweza kulifunika kwa kiganja. Akaipenda. Akasema atarudi kesho.

"Kesho yake akarudi na Wade Kittredge."

Skaar hakuandika chochote. Wade alikuwa mwalimu wa shabaha, aliyepata kuwa askari wa mpakani, mtu mpole asiyepandisha sauti. Nusu ya wanawake wa kaunti walikuwa wamejifunza kushika silaha kwake. Na ndiye aliyemkimbiza Dokta hospitali.

Wade alipofika dukani, Verna alisema, aliicheka ile ndogo. Dubu akisimama barabarani utamtekenya kwa hiyo? Akaelekeza kidole kwenye hii, arobaini na nne, mtutu mfupi, fremu nyepesi ya aloi. Moja kwa dubu na kwa binadamu, inakaa kiunoni siku nzima husikii uzito. Verna alipinga. Alisema wepesi huo unalipiwa kwenye teke, na kidole cha Dokta hakikifikii kifyatulio vizuri, kinagusa kwa ncha tu. Wakabishana pale, Dokta akiwa katikati, mpaka mwisho akamfuata Wade.

"Nimeuza silaha miaka mingi, Bobbie. Kila mwanaume anayeingia hapa na mwanamke anataka kumnunulia bunduki ya ndoto zake mwenyewe. Nikadhani Wade naye ni wale wale. Nilimdharau kidogo, basi."

"Ilikuwa inafanya kazi siku uliyoiuza?"

"Siuzi kitu hapa bila kukifyatua. Dokta alipiga silinda nzima pale nyuma. Zote zililipuka. Alilia machozi kwa maumivu ya kifundo cha mkono, lakini zililipuka."

Skaar alimwonyesha skrubu ndani ya mfuko wa plastiki. Verna aliigeuza kwenye mwanga, akasukuma bakuli la supu mbali naye. Alisema mafundi hufanya hivyo kukifanya kifyatulio kiwe laini kwa mashindano, na hata wao huacha nyama kidogo. Hii ilikuwa imekatwa na mtu asiyejali kama itafyatuka, au anayejali isifyatuke.

"Na wewe una tupa," Skaar alisema. "Una meza ya ufundi humo ndani."

Verna alimkazia macho. Kisha akafungua mlango wa chumba cha ufundi, akampisha. Skaar alikagua meza, akachukua tupa zote, akamwandikia stakabadhi. Verna alimwambia akimaliza kuzichunguza azirudishe safi, na amletee mwenyewe, asitume mtu.

*

Dokta Tollefsen alikuwa ameketi kitandani, jicho moja limefumba kwa uvimbe, mkono umefungwa kifuani. Muuguzi alikuwa ameleta sahani ya viazi vya kuponda na nyama, havijaguswa. Dokta alimuuliza Skaar kama kweli Lyle amefungwa. Alipoambiwa ndiyo, alisema jambo ambalo Skaar hakulitegemea: kwamba Lyle alikuja kliniki wiki moja baada ya zile kelele za baa, akavua kofia, akasimama mlangoni na kushindwa kuomba msamaha, akaishia kununua dawa ya minyoo asiyoihitaji.

Skaar alimwomba aeleze tena jioni ile, taratibu.

Alieleza. Gari lilikuwa linanguruma uani, aliliacha liwake ili lipate joto. Mtu akatokea upande wa taa, kwa hiyo aliona umbo tu. Dokta alichomoa. Alikumbuka mafundisho yote, mikono miwili, macho kifuani kwake.

"Nilivuta. Ikasema ta. Nikavuta tena. Ta. Halafu nondo ikanipata."

"Umemwambia nani?"

"Wewe. Daktari hapa hakuniuliza."

"Na Wade?"

Alisema Wade huja kila siku, hukaa pale kitini. Lakini hilo hakumwambia, aliona aibu. Darasani Wade alikuwa akirudia kwamba wanawake wengi huganda, na yeye, Maren, akimtazama usoni anaona ataganda. Aliogopa akimwambia silaha iligoma, Wade atadhani anatafuta kisingizio.

Skaar aliuliza kama rivolva ilipata kutoka mikononi mwake tangu alipoinunua. Dokta alijibu haraka, kama kitu kidogo. Wade aliichukua siku mbili tu. Kifyatulio kilikuwa kizito kwa kidole chake, akamlainishia. Alipoirudisha alisema ameshaijaribu, asipoteze risasi za bei, na asikiumize kifundo bure.

Aliposema hivyo aliacha mdomo wazi kidogo. Jicho lake zima lilimtazama Skaar, likaenda dirishani, likarudi.

"Ni kosa la ufundi," alisema. "Sivyo? Alikosea."

Skaar alimwambia bado hajui. Alimwomba asiseme na mtu yeyote mpaka atakaporudi, na akitoka akamwagiza muuguzi kwamba Dokta hapokei wageni leo. Hata wa kila siku.

Garini aliwasha injini, akakaa bila kuondoka. Lyle Pruett hakupata kuigusa rivolva ile hata mara moja. Mwenye kumchukia Dokta angemngoja barabarani na bunduki ya kuwindia, amalize. Lakini huyu alikuwa amehangaika kwanza kuilegeza silaha, akangoja siku, ndipo akaja na nondo. Mtu wa namna hiyo alijua jambo moja kwa hakika: kwamba siku ikifika, atakayesimama mbele ya mdomo wa ile rivolva ni yeye.

Hakimu asingetoa hati kwa hilo. Skrubu iliyokatwa ni ufundi mbaya tu. Alimpigia simu naibu wake, Orrin, akamwambia asimamishe gari nyuma ya ukingo wa barabara ya Kittredge, asionekane. Kisha akabonyeza kinasa sauti, akakitia kwenye mfuko wa shati.

*

Wade alikuwa uwanjani kwake anapaka rangi nyeupe kwenye vibao vya chuma vya shabaha. Jua la Oktoba lilikuwa kali bila joto. Alikuwa peke yake, na kiunoni, upande wa kulia, ala ya ngozi ilikuwa imebeba rivolva nyeusi yenye mtutu mrefu wa kadiri. Alifuta mikono, akauliza hali ya Maren. Alikuwa amepiga simu hospitali, wamemwambia hapokei wageni.

Skaar alisema amelala, wamempa dawa. Kisha akasema amekuja kwa shida yake binafsi. Alitaka rivolva, kubwa, ya kubeba kila siku akiwa hayuko kazini. Yaliyompata Dokta yamemtia wasiwasi, na dubu wameshuka mabondeni mwaka huu. Amefikiria arobaini na nne.

Uso wa Wade ulilegea. Alimpeleka chini ya paa la bati, kwenye meza ndefu, akafungua kabati la chuma, akapanga silaha tatu juu ya kitambaa, silinda zote wazi. Akamwambia anyooshe mkono. Akauweka kiganja chake chini ya cha Skaar, akapima kwa kidole gumba toka kwenye kifundo hadi ncha ya kidole cha shahada.

"Mkono mdogo," alisema. "Usione vibaya. Afadhali nikwambie mimi kuliko dubu."

Alijua kazi yake. Alimweleza kwamba silaha ya kila siku huchaguliwa na mkono, si na macho. Kwanza kidole kifike kwenye kifyatulio bila kuusokota mpini. Pili uzito: chuma kizito kinachosha kiuno lakini kinameza teke. Tatu, bora kaliba ndogo inayopiga mara tano mahali pamoja kuliko kubwa inayopiga mara moja na ya pili ikaenda kuwasalimia malaika. Aliinua ile nyepesi, fremu ya aloi, mtutu mfupi. Ilikuwa pacha wa ile ya Dokta.

"Hii iache. Wanainunua wanaume kwa majivuno, wanaifyatua mara moja, wanaifungia kabatini."

"Na mwanamke mwenye mkono kama wangu?"

"Simpi. Hata akinipigia magoti."

Skaar aliitikia kwa kichwa, kama mwanafunzi. Akaelekeza macho kwenye ala yake. "Wewe mwenyewe unabeba ipi? Nionjeshe uzito wake."

Wade hakusita, na hakuna mwalimu wa silaha ambaye angesita. Alichomoa taratibu, akaelekeza mdomo chini, akafungua silinda, akamwaga risasi mezani, akamkabidhi ikiwa wazi, mpini mbele. Skaar aliipokea kwa mkono wa kushoto. Akaipima. Kisha kwa ukingo wa mkono wa kulia akazikusanya risasi zile, akaziangusha kwenye mfuko wa koti lake. Alirudi nyuma hatua moja. Mkono wa kulia ukabaki karibu na bastola yake ya kazi.

Wade aliutazama mfuko wa koti. Mahali mbali mlimani bunduki ya mwindaji ililia, na mwangwi wake ukachukua muda kufa.

"Umekuja kununua kweli, Bobbie?"

"Maren ana mkono mdogo kuliko wangu," alisema Skaar. "Yeye ulimpa."

Wade alijibu kwa sauti ileile ya darasani. Alisema Maren hupita kwenye nchi ya dubu kuliko mtu yeyote. Alisema ni yeye mwenyewe aliyeing'ang'ania. Skaar alimwambia Verna anasema vingine. Akamwambia kuhusu skrubu, alama za tupa, siku mbili alizokaa na silaha, na ushauri wa kutoijaribu. Wade alisikiliza mpaka mwisho, akaketi kwenye benchi, akavua kofia.

Akakubali. Alikata yeye. Alitaka kumsaidia, akapitiliza, mkono ulikosea. Kama kuna sheria ya ufundi mbaya, wamshitaki. Alisema hayo kwa utulivu, na Skaar alijua kwamba mbele ya hakimu yangetosha.

"Halafu haibadilishi kitu," Wade aliendelea. "Springi haikuhusika. Maren hakufyatua, aliganda. Nilimwambia toka siku ya kwanza: wewe ni wa kuponya, hutaweza. Ndiyo maana anahitaji mtu wa kukaa naye. Hilo nimemwambia mwaka mzima."

Skaar alitoa picha mbili kwenye bahasha, akaziweka mezani kwa mkono uleule ulioshika rivolva tupu. Fataki mbili, zimekuzwa mpaka zimejaa karatasi. Vidoti viwili katikati.

Wade aliinama. Mtu mwingine angehitaji kuelezwa. Yeye aliangalia, akaangalia tena, na shingo yake ikaanza kupauka kutoka kwenye kola kwenda juu.

"Alifyatua?" aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Mara mbili. Gari lilikuwa linanguruma, usingeisikia. Mikono miwili, kifuani, kama ulivyomfundisha."

Mkono wa Wade ulipanda wenyewe mpaka kwenye vifungo vya shati lake, ukabaki pale umejitandaza. Alikuwa anatazama picha lakini hazioni.

"Nilikuwa karibu naye kuliko wewe ulivyo hapo," alisema.

Skaar aliyaacha maneno yakae. Wade ndiye aliyeyasikia mwisho. Aliinua kichwa, akaitazama ala yake tupu, akautazama mkono wa Skaar uliokuwa tayari umeifikia bastola, na mabega yake yakashuka.

Skaar alimwamuru aweke viganja mezani, akaviweka. Akamsomea haki zake, akampungia Orrin, aliyekuwa ameshaanza kushuka mteremko akikimbia. Wade alifungwa pingu bila kusukumana. Alipokuwa anasimamishwa alitaka kueleza, ingawa ameambiwa anaweza kunyamaza. Alisema nondo ilikuwa ya kutisha tu, ni yeye Maren aliyegeuka vibaya. Zile simu pia zilikuwa za kumtisha tu. Hakutaka kumpoteza, alitaka aogope kiasi cha kutafuta mtu, na mtu huyo awe yeye.

"Na aliniita," alisema, akimgeukia Skaar kama mtu anayeleta ushahidi wa kumtetea. "Amelala chini pale uani, mkono umevunjika, simu ameishika kwa mkono mwingine. Hakuwapigia nyinyi. Alinipigia mimi. Nilikuwa bado kwenye misonobari ilipoita."

Orrin alimwachia mkono kwa ghafla, kisha akaushika tena, na wakamshusha mpaka kwenye gari.